Si kila "any" ni "yoyote"

Swali: Nafasiri matangazo ya skuli kutoka Kiingereza. Kila nikikuta "any" naweka yoyote, lolote au chochote. Mwenzangu ananambia Kiswahili changu kinanuka tafsiri. Anasema kweli? (Msomaji, Wete)

Jibu: Kweli tupu, ndugu yangu. Mwingereza akiuliza au akikanusha, "any" huingia kwa sababu sarufi yake inaitaka. Yetu haiitaki. Pale sokoni Darajani, Unguja, mnunuzi wa samaki huuliza, "Changu wapo?" na muuzaji hujibu, "Leo hapana changu." Hakuna anayeongeza "wowote". Vivyo hivyo, "Una swali?" inatosha, na "Sina pesa" haikupungukiwa.

Katika matangazo yako, aghalabu kirejeshi (kama "-ye-" ya "atakaye") au "mwenye" humaliza kazi. Umeandika "Mzazi yeyote ambaye atachelewa". Andika "Mzazi atakayechelewa", na hapana mzazi atakayedhani hahusiki. "Ikiwa una tatizo lolote" nayo iwe "Mwenye tatizo amwone mwalimu mkuu."

Lakini neno lenyewe usilifukuze. Tunalihitaji sana tunapomwachia mtu achague. "Njoo siku yoyote" maana yake siku zote kwangu ni sawa, chagua wewe. "Mpe kanga yoyote" inamwondolea muuzaji shaka ya rangi na jina. Kwenye kukanusha, hutia nguvu. "Sikumwambia mtu" ni habari ya kawaida, ila "Sikumwambia mtu yeyote" ni kauli ya anayetuhumiwa na anajitetea. (Mimi hapo napenda zaidi "hata mtu mmoja", inakata maneno.) Ukilimwaga neno hili kila mstari, siku unayotaka kukaza kauli utakuwa huna la kukazia.

Jengine nililoliona katika tangazo lako ni "mtu yoyote". Hilo ni kosa, ingawa limeenea hata redioni. Sehemu ya kwanza ya neno hili ni kile kirejeshi unachokisikia kwenye "amba-". Tunasema mtu ambaye, basi ni yeyote. Nyumba ambayo, yoyote. Jambo ambalo, lolote. Mahali ambapo, popote. Mbuzi pia, kwa kuwa ni kiumbe hai, ni yeyote. Ukikuta "ye yote" au "cho chote" katika vitabu vya zamani, usishtuke, waliyatenga wakati huo. Wewe yaunge.