Mdogo wangu ana lupasi, sasa anaongea peke yake

Dada wa Ngamiani, nimekuelewa: mdogo wako ana lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe), prednisoloni yake, dawa ya kutuliza kinga hiyo, ilipandishwa hadi miligramu 60 kwa siku, siku nane zilizopita, sasa halali, anasikia majirani wakimsema dirishani, na nyumbani mmegawanyika kati ya kumsomea na kumpeleka hospitali. Msomeeni, lakini mkiwa njiani kwenda hospitali ya Bombo, hapo Tanga, leo hii.

Chanzo chaweza kuwa kimoja kati ya vitatu, na kwa macho hamtavitofautisha. Lupasi yenyewe ikishambulia ubongo. Au prednisoloni: ikizidi miligramu 40 kwa siku huweza kuvuruga akili, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Au maambukizi, maana dawa hizi hushusha kinga. Malaria na homa ya uti wa mgongo zitafutwe mapema.

Hata mkiishuku prednisoloni, msiikatishe ghafla. Tezi za juu ya figo zikishazoea kupumzika, presha inaweza kuanguka vibaya. Daktari ndiye apunguze.

Bebeni pakiti zote za dawa, na za mitishamba pia (msione haya), na karatasi yenye tarehe mbili: siku dozi ilipopanda na usiku wa kwanza kukosa usingizi. Ombeni apimwe presha, sukari na protini kwenye mkojo. Visu na dawa vifungiwe. Asilale peke yake.

Akipata degedege, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, mtazame saa. Zikipita dakika 5, au mdomo ukipinda, msingoje kukuche.