Kioo cha umeme cha gari la kukunja paa: kimezama mlangoni na mota inalia

Mkuu, umesema ukibonyeza swichi mota inalia ila kioo hakipandi, basi fyuzi na swichi ziache, umeme unafika. Hapo mara nyingi ni regileta, yaani kile kifaa cha ndani ya mlango kinachopandisha na kushusha kioo: kile kiwaya chake cha chuma kimekatika au kile kiplastiki kinachoshika kioo kimevunjika, na hiyo kazi unaiweza mwenyewe kabisa.

Kwanza chomoa betri uache dakika kadhaa, maana milango mingine ina eabegi (mfuko wa hewa wa usalama). Toa skrubu za paneli, zingine zimefichwa chini ya vifuniko vya mkono wa mlango, halafu vuta taratibu klipu ziachie, chomoa soketi za waya, bandua na ile nailoni ya ndani bila kuichana, ndiyo inazuia maji. Kioo kiinue kwa mkono ukibane na selotepu ya karatasi (masking tape) juu ya mlango kabla hujagusa bolti yoyote, na vaa glavu tafadhali, bati la ndani linakata vibaya.

Sasa gari lako halina fremu juu ya kioo, hapo ndipo watu wengi wanaharibu. Kabla ya kulegeza chochote weka alama na kalamu bolti zilipokaa, kwa sababu kioo kikipinda hata kidogo hakitakutana na mpira wa paa, utasikia upepo na mvua itaingia. Ukimaliza kubadilisha regileta, rudisha soketi ya swichi na betri, pandisha kioo mpaka juu uendelee kushikilia swichi sekunde kadhaa kijisetie upya, magari mengi yanataka hivyo, kisha jaribu paa likiwa limefungwa kabla hujarudisha paneli.