Mwanangu, sisi tulianzia kwenye josho

Kwako mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Unasema huko Nakuru kanisa la jirani limeualika msikiti wenu mkae kamati moja ya mambo ya ukimwi, na wazee wenu wanasita kwa sababu kwenye suala la kondomu hamtapatana. Ukaniuliza: "Mama, nyinyi Mombasa mlikubaliana vipi?"

Hatukukubaliana. Tulikutanishwa na maiti.

Hiyo ni miaka ya tisini, wewe bado mtoto wa kubebwa. Jirani yetu wa hapa Majengo alifia hospitali, akaletwa amefungwa nailoni na kubandikwa plasta, na agizo juu: msifungue. Waosha wetu, wanawake waliokwisha kuosha wazee na vichanga bila kukunja uso, walisimama mlangoni. Mmoja akasema azikwe vivyo hivyo. Mwengine akasema atayamamiwe, apanguswe kwa vumbi safi badala ya maji, juu ya nailoni. Bibi yako akafoka: "Huyu ni mtoto wa watu, si robota la mitumba!" Lakini naye hakuwa akisogea.

Aliyetutoa pale ni muuguzi wa Kitaita, mke wa mchungaji, aliyekuwa amepanga nyumba ya pili. Ndiye huyu Mama Mchungaji unayemjua. Alikuja na glavu kwenye mfuko wa khaki, akatuonyesha kuzivaa, na kuzivua bila upande wa nje kugusa ngozi. Akachanganya jiki, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, ya kusafishia kitanda na sakafu. Akatwambia kirusi hiki hakimrukii mtu kwa kumshika mwenziwe. Tuchunge damu, na mwenye kidonda mkononi akae pembeni. Tulipotaka kuanza akaaga, bibi yako akamzuia: kaa, tukikosea utwambie. Akakaa, ila uso akaugeuzia ukutani mpaka tukamaliza kumvisha sanda, akitufunza kwa sauti tu. Hakuna aliyemwambia habari ya kumsitiri maiti. Wanaume wakaenda kuzika Kikowani kabla ya magharibi.

Uujue na wakati wenyewe. Ugonjwa huu ulionekana Kenya tangu 1984, lakini Rais Moi alikuja kuutangaza janga la kitaifa Novemba 1999. Miaka yote hiyo ilikuwa ya kunong'onezana. Mimbari zetu na zao zilikuwa zikisema ni adhabu, na hapo tu ndipo tulipopatana bila kamati! Halafu 1997 yakatokea yale machafuko ya Likoni, mtu wa bara na mtu wa pwani wakawa wanatazamana kwa jicho la pembeni. Mama Mchungaji kubisha hodi kwetu, na sisi kuketi ukumbini kwa kanisa lao, kulisemwa sana. Waliotutia moyo ni jirani zetu wa Uganda: kule Kanoni Gideon Byamugisha wa Kianglikana alitangaza mwenyewe mwaka 1992 kwamba ana virusi, na madaktari Waislamu walikuwa wakiwafundisha maimamu.

Kondomu, sasa. Siku lilipoletwa hilo neno, sheikh wetu na padri wa Kikatoliki walijikuta upande mmoja, na wachungaji ndio waliogombana wao kwa wao. Mwisho tuliachia hapo: kila mtu kwake afundishe dini yake, na asiitukane kliniki. Akija mtu kuuliza kondomu, apelekwe kwa muuguzi. Sheikh akaongeza lake: mke na mume, mmoja ana virusi na mwenziwe hana, hapo si habari ya zinaa, ni kuzuia madhara. Waambie wazee wenu hilo kwanza.

Kilichotuumiza zaidi ya kondomu ni dawa. Tangu 2006 dawa za kupunguza makali zilipokuwa bure katika hospitali za serikali, sikuona sababu ya mtu kufa. Lakini mhubiri mmoja alimwambia dada mmoja ameshapona kwa maombi, akatupa vidonge, tulimzika. Usicheke wenzetu: maalimu mmoja wa kwetu naye alikuwa akiuza kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, na kusema litatosha. Kombe nimekunywa na nitakunywa, lakini si badala ya kidonge.

Ramadhani zamani ilikuwa taabu, maana vidonge vilimezwa mara mbili, kila saa kumi na mbili, na mchana wa funga ni mrefu kuliko hivyo. Siku hizi wengi ni kimoja kwa siku, mtu anameza baada ya futari. Na akimeza vizuri hata virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenziwe kitandani. Hayo semeni msikitini wazi wazi. Na msiwalazimishe maharusi kupimwa ndipo waozeshwe. Sheria ya 2006 imekataza. Washaurini, wapimwe kwa hiari.

Nikupe moja tu la karibu. Kuna mjane wa Likoni, tarehe yake ya kliniki ilimwangukia ndani ya eda, siku za mjane kukaa ndani. Mashemeji hawakujua hali yake, wakasema hatoki. Nikamwendea sheikh. Akaenda mwenyewe, akawaambia: "Ni mgonjwa, ana ruhusa kutoka mchana kwa haja yake, usiku alale nyumbani." Walipouliza ugonjwa gani, akaomba maji ya kunywa. Siku ya siku Mama Mchungaji alimngojea kwenye feri na mwavuli, wakavuka pamoja, wakarudi kabla ya alasiri, vidonge chini ya kilo moja ya vitunguu.

Kwa hiyo mkikaa, ulizeni kwanza nani anaosha maiti na nani anasindikiza wagonjwa. Na mkutano uwe Jumamosi. Wetu wa kwanza uliitwa Ijumaa saa saba mchana, wakaja wachungaji peke yao.

Mkeo umsalimie. Achari ya embe nimempa dereva wa basi la usiku.

Mamako