Ukienda Ireland Kumtafuta Babu, Usiende na Jina la Ukoo Peke Yake

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nakuru kaniandikia: babu mzaa mama alikuwa Mwairishi, jina analo, nauli anayo, aanzie wapi? Dada yangu, tulia kwanza. Mimi sikutulia, na Ireland ikaninyoosha.

Mwaka 2016 nilitua Cork na neno moja tu: Murphy. Ndilo jina la babu, fundi wa reli aliyemzaa mama yangu Kisumu. Kumbe Ireland nzima hakuna jina la ukoo lililojaa kama hilo. Ni sawa na kushuka stendi ya Kisumu ukamuulizia Otieno. Siku nane hivyo hivyo. Katika parokia moja mama wa ofisini alinitazama kuanzia nywele mpaka viatu, akauliza kama nina hakika sijakosea nchi. Nilicheka. Swali hilo bado linaniuma.

Nyaraka nazo ni kisanga. Hifadhi ya Four Courts, Dublin, iliungua Juni 1922 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sensa nyingi za zamani zikateketea. Za 1901 na 1911 zipo, unazisoma bure mtandaoni. Ila bila jina la kitongoji utakesha, na vitongoji ni zaidi ya 60,000.

Jina la kitongoji cha babu lilikuwepo Kisumu miaka yote, kwenye sanduku la bati la mama mdogo, juu ya barua ya dadake babu. "Hukuniuliza," akanijibu. Nanyi mnaokimbilia kulipia vipimo vya DNA huku bibi yuko hai sebuleni, oneni haya kidogo. Kaulizeni. Leo.

Mwaka 2019 nikairudia sensa ya 1911. Babu ana miaka 6. Baba yake hakujua kuandika, katia alama ya X. Lugha: Kiairishi na Kiingereza. Kuta za mawe, paa la nyasi, madirisha mawili mbele, zizi moja la ng'ombe.

Nikapanda basi hadi Skibbereen, mji mdogo wa jimbo la Cork. Pale kwenye makaburi ya Abbeystrewry, katika kaburi la pamoja, wamelala watu kati ya 8,000 na 10,000 wa ile njaa iliyoanza 1845 viazi vilipooza mashambani. Nilisimama muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kitongojini mzee mmoja mwenye mbwa alinifungulia geti bila kuniuliza nimetoka wapi. Nyumba ya babu haina paa, miiba imejaa ndani. Nikahesabu madirisha: moja. Nikapapasa ukuta, nikaliona la pili, limezibwa kwa mawe.