Ulalo wa mstatili: nusu ni sawa, lakini ulinganifu je?

Papa wa Katuba, umeuliza kwa nini binti yako wa darasa la tano amenyimwa alama kwa kuandika kwamba ulalo wa mstatili, yaani mstari wa kutoka kona hadi kona ya mkabala, ni mstari wa ulinganifu (ule ambao ukikunja juu yake pande mbili zinafunikana), wakati unaugawa vipande viwili vilivyo sawa kabisa. Nafundisha watoto masomo ya jioni hapa Lubumbashi, na swali hilo halikosi kila mwaka. Mwalimu yuko sawa. Mtoto naye ameona jambo la kweli, ila amejibu swali la nusu kwa nusu badala ya lile la ulinganifu.

Usianze kumweleza kwa maneno. Chana karatasi ya daftari, aikunje katikati, ukingo juu ya ukingo: inafunikana. Aikunje kwa upande mwingine: inafunikana tena. Mstatili una mistari hiyo miwili, basi. Sasa aikunje kutoka kona hadi kona, abonyeze mkunjo kwa ukucha. Ataona pembe mbili zimechomoza, moja huku na nyingine kule. Vipande kuwa sawa hakutoshi. Lazima kimoja kimfunike mwenzake pale pale kwenye mkunjo.

Mjanja hataridhika, na ana haki. Mpe mkasi akate kwenye ule ulalo, kisha azungushe kipande kimoja nusu mzunguko juu ya meza, bila kukipindua. Kitalala juu ya kingine barabara. Kumbe ulinganifu upo, lakini ni wa kuzungusha, na katikati yake ni pale ulalo wa kwanza na wa pili vinapokutana. Msambamba wa kawaida, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazoelekeana ziko sambamba, ndivyo ulivyo: ukiukunja popote unakataa, ukiuzungusha nusu mzunguko unakubali.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni bendera yetu ya Kongo, hii ya 2006. Mwambie aichore bila nyota: buluu, na ule mkanda mwekundu wenye kingo za njano unaopanda kutoka chini kushoto hadi juu kulia. Kukunja hakukubali, kuzungusha kunakubali. Arudishe nyota juu kushoto, azungushe tena: nyota inaangukia chini kulia, ulinganifu umekwisha. Ajabu ni kwamba nyota yenyewe, ikiwa peke yake, ina mistari mitano, kila ncha na wake.

Mraba ni rahisi: pande zote ni sawa, kwa hiyo hata ulalo unakubali, jumla mistari minne. Pembetatu ya pande sawa, mitatu. Duara, mstari wowote unaopita katikati. Sipendi watoto wakaririshwe orodha hii kama majina ya mito. Aliyekunja karatasi mwenyewe ataipata hata akiisahau.

Na kuhusu ile alama, usiende kugombana shuleni. Mpe binti karatasi mbili, moja ya mstatili na moja ya mraba, amwombe mwalimu azikunje kwenye ulalo mbele ya darasa. Wenzake wengi watakuwa wameandika jibu kama lake.