Ukija Mjøsa, usilizunguke ziwa kwa siku moja

Kila mwaka ikifika Mei, simu yangu huanza kuita. Ni ndugu na jamaa walioko Oslo, wengine Stockholm, wengine wanakuja likizo kutoka nyumbani, na swali lao ni lile lile: "Tukija huko kwako Hamar Jumamosi, si tunalizunguka ziwa lote na jioni tunarudi?" Kwa gari inawezekana. Ila miaka ya nyuma niliwatembeza wageni hivyo mara tatu, na mara zote walirudi wameona barabara, vituo vya mafuta na picha walizopiga kupitia dirishani. Sasa huwa nawaambia wachague upande mmoja, wakipata siku mbili wazitoe zote, na ziwa waliache liwajie lenyewe.

Mjøsa ndilo ziwa kubwa kuliko yote Norwei. Lina urefu wa kilomita 117 hivi, na kina chake kinapita mita 450. Ni jembamba, refu, limelala kaskazini kwenda kusini kati ya mashamba na misitu. Lillehammer iko kwenye ncha ya juu ambako mto Lågen unamwaga maji, Gjøvik iko magharibi, Hamar iko mashariki, na kule chini kabisa maji yanatoka ziwani kupitia mto Vorma. Ukiitazama ramani utaona ni kitu cha saa chache. Ukishuka ufukweni utaona si hivyo.

Nianze na maji yenyewe, maana hapa ndipo watu wetu wanapokosea, na mimi nilikosea kabla yao. Mimi ni mtoto wa Kigoma. Nimekulia Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ya juu huwa na nyuzi 25 hivi karibu mwaka mzima, na kuogelea nilijua kabla ya kujua kusoma. Kiangazi changu cha kwanza hapa, mwezi wa sita, jua linawaka, watu wamevaa kaptula, nilikimbia kwenye gati nikajirusha. Pumzi ilikatika. Nilipotaka kuvuta hewa, ikawa inaingia vipande vipande na siwezi kuizuia. Kutoka pale nilipotua hadi kwenye ngazi ya gati ni mita kama kumi tu, na nilipoishika ngazi mikono haikuwa yangu tena. Niliketi mbaoni nimeshika kifungo cha shati, nakitazama, vidole havikitii. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anatembeza mbwa wake alisimama, akavua sweta lake, akanifunika, akakaa nami mpaka mtetemo ukaisha. Alichoniambia nimekishika hadi leo: mwezi wa sita theluji ya milimani bado inayeyuka na kuteremka na mto, jua linapasha hewa, halijapasha ziwa.

Kwa hiyo ingia kwa miguu, taratibu, loweka viganja na shingo kwanza, na usiogelee peke yako. Ogelea sambamba na ufukwe, usielekee katikati. Kuogelea kwa raha ni mwisho wa Julai na Agosti, na hata hapo upepo ukivuma siku mbili mfululizo unasukuma maji ya juu yaliyopata joto kwenda ng'ambo, na ya chini, ya baridi, yanapanda upande wako. Jana ulioga vizuri, leo maji ni mengine kabisa. Ukikodi kayaki au mtumbwi, vaa jaketi okozi na ulifunge. Tangu 2015 ni sheria kwa kila mtu aliye kwenye chombo cha chini ya mita 8 kikiwa safarini. Namba za dharura weka kichwani: 113 gari la wagonjwa, 112 polisi, 110 zimamoto.

Sasa tutembee. Kama una siku moja tu, shuka stesheni ya Hamar na ufuate njia ya kandokando ya maji kuelekea Domkirkeodden. Ni mwendo wa nusu saa hivi, kwa anayesimama simama kama mimi ni zaidi. Pale kwenye rasi kuna magofu ya kanisa kuu la zama za kati, lililoharibiwa na wanajeshi wa Uswidi mwaka 1567. Kilichobaki ni matao machache ya mawe, na mvua na barafu vilikuwa vinayala. Mwaka 1998 yakafunikwa na jengo zima la kioo. Ukiingia, weka sauti chini, kwa sababu mwangwi ni mkubwa, na tafuta mahali pa kuketi. Mimi napenda kwenda kukiwa na mawingu: mwanga unateremka laini, na kila jiwe linaonekana kwa rangi yake. Nje kuna bustani ya mitishamba, na nyasi zinazofika hadi majini. Beba chakula chako. Wenyeji wanabeba mkate wao na chupa ya chai kila waendako, na ni busara, kwani bei za mkahawani zitakuumiza. Maji ya bombani ni salama, jaza chupa stesheni. Na kama ni Jumapili, nunua vitu Jumamosi: maduka makubwa ya chakula hufungwa. Shemeji yangu na watoto wake watatu walishinda na pakiti moja ya biskuti kwa kutolijua hilo.

Siku ya pili, kama unayo, ipeleke Helgøya. Ni kisiwa kikubwa kilichomo ziwani, mbele ya Hamar, na kimeunganishwa na nchi kavu kwa daraja, kwa hiyo baiskeli inatosha. Ni mashamba tu kila upande: ngano, shayiri, viazi, miti ya matofaa. Vijia vidogo, magari machache. Aliyelima atapapenda. Marehemu shangazi yangu alipokuja kututembelea alikaa ukingoni mwa shamba la viazi, akachukua udongo mkononi, akausaga kwa kidole gumba, akasema, "Huu umetunzwa." Kisha akataka tukae pale pale mpaka jua lizame. Tulisubiri sana, maana ilikuwa Julai, na Julai hapa saa nne usiku bado unasoma gazeti nje.

Hapa niseme habari ya hema, kwa sababu wengi wamesikia kwamba Norwei unalala popote. Ipo haki ya kila mtu kutembea na kulala nje, na imeandikwa katika sheria ya 1957. Lakini haki hiyo ya kulala ni ya maporini na misituni. Shamba lililolimwa, uwanja wa mtu na malisho si mahali pa kupigia hema bila ruhusa ya mwenyewe, na kando ya Mjøsa sehemu kubwa ni mashamba. Ukitaka hema, panda juu kwenye misitu, kaa angalau mita 150 kutoka nyumba au kibanda cha watu, na usizidi usiku mbili mahali pamoja. Usikoke moto msituni wala karibu na msitu kati ya Aprili 15 na Septemba 15. Na kabla ya kutupa ndoana, nunua kibali cha kuvua. Samaki aina ya trauti wa ziwa hili ni wakubwa, wanavutia, ila bila kibali usiwaguse.

Kuna kitu kimoja ambacho siwezi kukuruhusu ukikose ukija kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Agosti, nacho ni Skibladner. Ni meli ya mvuke yenye magurudumu mawili makubwa ubavuni yanayopiga maji, na imekuwa ziwani humu tangu 1856. Hakuna meli ya aina yake duniani iliyo kongwe kuliko hii na bado inasafiri kwa ratiba. Usikimbilie viti vya juu. Simama mahali unapoweza kuiona injini, iliyofungwa 1888, silinda tatu, vyuma vinavyong'aa vikipanda na kushuka bila haraka, na harufu ya mafuta ya moto. Mimi mara ya kwanza machozi yalinilenga. Nilikuwa naiona Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, iliyotengenezwa Ujerumani 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikazamishwa 1916 na Wajerumani wenyewe, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Skibladner nayo imezama mara mbili, 1937 na 1967, ikiwa imefungwa kwa majira ya baridi, na mara zote mbili wameiinua. Watu wa ziwa hawaachi meli yao chini. Angalia ratiba mapema, kwa kuwa haiendi kila bandari kila siku, na panga kurudi kwa treni au basi.

Lillehammer nitaipitia haraka, kwa sababu hiyo kila mtu ataipata mwenyewe: michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1994, na mnara wa kurukia kwa skii wa Lysgårdsbakken wenye ngazi 936. Panda taratibu, ziwa lote la kaskazini liko mbele yako ukifika juu. Kwa wenye watoto, Maihaugen ni bora zaidi, nyumba za kale karibu 200 zilizokusanywa kutoka bondeni, na utazamaji wake ni wa siku nzima.

Ukija majira ya baridi, neno langu ni moja. Mjøsa haigandi yote kila mwaka, na hata ikiganda, haigandi sawasawa: ghuba hutangulia, midomo ya mito huchelewa. Barafu ya kukanyaga kwa miguu iwe ngumu na isipungue sentimita 10. Kumwona mtu mmoja mbali amekaa anavua si ushahidi, yeye ametoboa na kupima njia nzima aliyopita. Muulize mwenyeji alipopita, nawe upite hapo hapo. Asipokuwepo wa kuuliza, baki ufukweni.

Na kwenye treni ya kuja kutoka Oslo, kaa upande wa kushoto. Baada ya Eidsvoll reli inashuka hadi kandokando ya maji, na kwa dakika kadhaa kati yako na ziwa hakuna kitu. Wakati wa kurudi, kaa kulia.