Pepo zote mbili hutoka baharini

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama wakazi wakubali mtambo wa muda wa kusaga vifusi vya zege karibu na nyumba zao, mradi zege hiyo itumike tena. Kwetu Malindi suala hili limeshafika barazani na limegawa watu. Jibu langu: mtambo na uje, lakini usikae baina ya bahari na makazi, wala usiwashwe siku ambayo maji hakuna.

Mimi ni fundi mwashi, kifusi nakijua. Jengo likivunjwa, zege yake hutupwa kwenye mashimo ya machimbo ya zamani au kando ya barabara, na vijana huja na nyundo kuitoa nondo wakauze kwa kilo. Huku nyuma malori yanatuletea kokoto mpya kutoka Jaribuni, kilima kinazidi kuliwa. Zege iliyosagwa mimi siitii kwenye nguzo ya ghorofa, lakini chini ya barabara au chini ya sakafu ni mali safi kabisa. Kwa hivyo wale wenzangu wanaosema mtambo usiletwe popote, siko nao.

Tatizo langu ni upepo. Barazani tuliambiwa vumbi litapeperushwa na halitatuudhi. Litapeperushwa, ndiyo, lakini liende wapi? Kusi, inayoanza Aprili, hutoka kusini-mashariki. Kaskazi, ambayo kuanzia Disemba imeshakamata, hutoka kaskazini-mashariki. Bahari yetu iko mashariki. Maana yake, msimu wowote, vumbi linasukumwa kuelekea bara, na anayekaa magharibi ya mtambo hana msimu wa kupumua. Wavuvi wetu wanalijua hili tangu utotoni, na sijui kwa nini hakuna aliyewauliza.

Halafu angalia nani anakaa huko nyuma. Hoteli na nyumba za wageni ziko ufuoni. Vyumba vya kupanga vya Maweni na Kisumu Ndogo viko ndani, vingi havina dari, na kati ya ukuta na paa pana mwanya wa kupitisha hewa. Mwanya huo ndio unaotuokoa na joto, na vumbi litapita papo hapo, lishukie chandarua cha mtoto.

Msomaji ambaye hajawahi kukata zege kavu kwa grainda labda hajui vumbi hili lilivyo. Lile zito huanguka miguuni. Jepesi linashika kope na nywele mpaka fundi anageuka mweupe. Lakini la hatari ni lile usiloliona, linalobaki hewani baada ya mashine kuzimwa na kuingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Zege imejaa mchanga, na mchanga una madini yaitwayo silika. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya fuwele miongoni mwa vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kuna pia silikosisi, ugonjwa unaoacha makovu kwenye mapafu, hauna tiba, na humfanya mtu apatwe na kifua kikuu kwa urahisi. Nakubali kwamba wanaougua silikosisi kwa kawaida ni wafanyakazi waliovuta vumbi hilo kwa miaka, si jirani wa miezi michache. Lakini watakaoajiriwa pale ni watoto wa mtaa huu huu. Barakoa ya karatasi haiwatoshi.

Dawa ya vumbi ni maji: kifusi kiloweshwe kabla ya kusagwa, na mashine iwe na vinyunyizio. Na hapa ndipo wasiwasi unaponishika, kwa sababu maji yetu ya bomba ya Baricho hukatika, na bomba likikauka hakuna mwenye lori la kifusi langoni atakayesema tungoje. Basi lichimbwe birika palepale kabla ya mtambo kuletwa. Hata maji ya chumvi ya kisima yatafaa, maadamu kokoto hiyo inakwenda chini ya barabara na haitakutana na nondo. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye lundo nayo yazuiwe, kwani hutoka na ukali wa chokaa, na visima vya mtaani si virefu.

Sheria ipo. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Wenzetu wa Lamu wametuonyesha njia: leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, mwaka 2016 ilifutwa Juni 2019 na jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ila rufaa ina siku 60. Wazee wa mtaa waende ofisi ya NEMA sasa, waulize kama leseni imeombwa, wasome ramani na waone mtambo umechorwa wapi.

Na leseni hiyo itaje tarehe ya kufunga, saa za kazi, na nani atakayelibeba lundo litakalobaki. Pesa za kulibeba ziwekwe mapema, kabla ya lori la kwanza kumwaga mzigo.